Tunawajua Wangazija, hatuijui Ngazija

Kwetu mtu mzima ni yule aliyeupita utoto, basi. Ukivuka bahari kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kuelekea kusini-mashariki, ukashuka Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, utakuta maneno yaleyale, mndru mdzima, yamebeba mzigo mwingine kabisa. Mzee wa miaka 65, mwenye mvi na wajukuu, anaweza kuwa bado hajawa mtu mzima. Awe daktari, awe mkurugenzi, atahesabiwa miongoni mwa wanamdji, wana wa mji, maadamu hajafanya anda, ile ndoa kubwa ya kimila. Kwenye bangwe, uwanja wenye mabaraza ya mawe ambako mambo ya mji huamuliwa, anajua pa kukaa, na si pale wanapokaa wakubwa.

Naanza na neno hili kwa sababu ndilo lililonigeuzia safari. Nilikwenda mwezi wa Julai kwa likizo ya kawaida: bahari, samaki, usingizi. Nilirudi nikiamini kwamba anayekwenda Visiwa vya Komoro kutafuta ufuo ameacha nusu ya safari uwanja wa ndege. Kinachostahili nauli yako kule ni miji: Moroni, Iconi, Itsandra, Ntsudjini, na ng'ambo yake, kisiwani Nzuwani, Mutsamudu na Domoni. Na miji hiyo inaanguka. Jambo lililonikosesha raha ni kwamba mila ileile inayoifanya iwe hai ni mojawapo ya sababu za kuanguka kwake.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu sisi wenyewe. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunawajua Wangazija. Tumesoma nao, tumeoana nao, tumezikana. Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi mkubwa wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra mwaka 1861. Habib Saleh, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha wa Lamu unaokusanya maelfu ya watu kila mwaka kwa Maulidi, alitoka Ngazija. Tarika ya Shadhiliya iliyoenea pwani yetu ilipitia mikononi mwa Sheikh Said Muhammad al-Maarouf wa Moroni, na kaburi lake lipo mjini humo hadi leo. Taarabu nayo ilikwenda upande wa pili: ilivuka kutoka Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, Wangazija wakaipokea, wakaita twarab, ikawa sehemu ya harusi zao. Hata siasa. Chama cha ukombozi cha MOLINACO kilianzishwa na Wakomoro waliokuwa Tanganyika, na Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania walikuwa sehemu ya kikosi cha Umoja wa Afrika kilichotua Nzuwani kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa amekishikilia kisiwa hicho.

Baada ya yote hayo, ukimuuliza mtu wa Tanga au Mombasa mwenye akiba ya likizo anakwenda wapi, atakutajia Dubai. Komoro ni pa wafanyabiashara wanaopeleka vitunguu na mchele. Hilo linanisikitisha, maana hakuna nchi nyingine ya kigeni ambapo msemaji wa Kiswahili anafika na nusu ya lugha mfukoni. Maji ni madji. Mtu ni mndru. Utakosea, bila shaka, na makosa yenyewe yana ladha: kule marahaba ni asante, kwa hiyo ukiisikia dukani usidhani umeamkiwa. Ukimsalimu mzee wa Ngazija kwa heshima utasema "Kwezi", naye atakujibu "Mbona". Mara ya kwanza nilisimama nikingoja amalizie swali.

Visiwa vyenyewe ni vinne, na vitatu kati ya hivyo ndiyo nchi: Ngazija, Nzuwani na Mwali, ambavyo vyote pamoja havifiki kilomita za mraba 2,000. Cha nne, Maore, kilibaki na Ufaransa baada ya kura ya Desemba 1974, wenzake wakatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na tangu 2011 Maore ni mkoa kamili wa Ufaransa. Kati ya Nzuwani na Maore ni kilomita 70 tu za maji. Tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, maelfu ya watu wamezama wakijaribu kuzivuka katika mashua ndogo ziitwazo kwassa-kwassa. Mgeni anayekaa Mutsamudu akitazama bahari tulivu jioni anapaswa kujua anatazama nini.

Sasa miji. Moroni ya zamani imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano yaliyoshuka kutoka Karthala, mlima wa mita 2,361 ambao bado uko hai na ulilipuka mara kadhaa kati ya 2005 na 2007. Mbele ya bandari ndogo ya majahazi upo Msikiti wa Ijumaa wa Badjanani, ambao asili yake inatajwa kuwa mwaka 1427, na mnara uliongezwa mwaka 1921. Wakati wa maji kujaa, matao yake meupe huonekana kama yamesimama baharini. Nyuma yake vinaanza vichochoro vyembamba kiasi cha kulazimisha watu wawili kupishana kwa ubavu, na hapo ndipo utakapoona kile ambacho Mji Mkongwe wa Unguja umekipoteza kwa sehemu kubwa: wenyeji. Hakuna duka la vinyago. Kuna mwanamke amejipaka msindzano usoni, ule uji wa msandali, anaanika nguo. Kuna watoto wanatoka chuoni na mbao zao. Hakuna aliyenialika kununua chochote. Nilialikwa kukaa.

Kusini kidogo ya Moroni ni Iconi, makao ya zamani ya masultani wa Bambao, penye magofu ya jumba la Kapviridjeo kando ya bahari. Juu ya mji kuna jabali. Mwanzoni mwa karne ya 19, wavamizi kutoka Madagaska walipokuja kuwinda watumwa, wanawake wa Iconi walijirusha kutoka huko wasichukuliwe utumwani. Wenyeji wanakusimulia wakikuonyesha kwa kidole, kama watu wanaozungumza habari za bibi zao, na ndivyo ilivyo. Miji kadhaa ya visiwa hivi bado ina mabaki ya kuta zilizojengwa kwa hofu ya wavamizi hao, na Mutsamudu ina ngome yake juu ya kilima, ya mwishoni mwa karne ya 18, ikiutazama mji mzima na ile bandari ambamo merikebu za Waingereza ziendazo India zilikuwa zikitia nanga kuchukua maji na chakula.

Nzuwani ndiyo ilinishika zaidi. Hewa yake ina harufu ya langilangi, ua ambalo Komoro imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani wa mafuta yake, pamoja na karafuu na vanila. Domoni, upande wa mashariki, ina milango ya kuchongwa ambayo fundi wa Lamu angeitambua mara moja. Hapohapo ndipo mwishoni mwa 1952 mvuvi alipomtoa majini samaki ambaye wenyeji wakimwita gombesa na wanasayansi walikuwa wakimtafuta kwa miaka 14, tangu yule wa kwanza apatikane Afrika Kusini mwaka 1938. Tanga tunamwita silikanti. Upande wa magharibi ni Sima, mji wa kale kuliko mingi ya pwani yetu. Wanaakiolojia walipochimba huko walipata mchele na choroko za zaidi ya miaka elfu moja, mazao ya Asia, dalili kwamba mabaharia wa mbali kule mashariki walitia nanga hapa wakati mababu zetu wa bara walikuwa wakila mtama na ulezi. Ukila wali wa nazi Nzuwani, fikiria hilo.

Nirudi kwenye anda, maana huwezi kuielewa miji bila hiyo. Harusi hizi hufanyika zaidi Julai na Agosti, wakati watoto wa visiwani waishio Marseille na Paris wanaporudi likizo. Wenyeji wamewapa jina la Kifaransa, "je viens", yaani nakuja. Hao ndio wageni wakuu wa nchi, na watalii wa kigeni ni wachache sana ukiwalinganisha nao. Mwanamume anaweza kuweka akiba miaka 20 kwa ajili ya sherehe za wiki mbili: dhahabu ya bibi harusi, ng'ombe, karamu kwa mji mzima, twarab usiku kucha, maandamano ya wanaume waliovaa joho na bushuti zilizodariziwa, na wanawake wa Nzuwani katika shiromani zao nyekundu na nyeupe. Mgeni hakatazwi kutazama. Mara nyingi hukokotwa hadi mezani.

Nimesikia anda ikilaaniwa, na wanaoilaani wengi ni Wakomoro wenyewe. Rais Ali Soilihi, aliyekuwa nyuma ya mapinduzi ya Agosti 1975 na akawa rais Januari 1976, aliipiga marufuku kama ubadhirifu wa watu masikini. Alipinduliwa na kuuawa mwaka 1978, nayo ikarudi kana kwamba haikuwahi kuondoka. Siwezi kuiita ubadhirifu mtupu. Katika nchi ambayo serikali ilipinduliwa au kujaribiwa kupinduliwa zaidi ya mara 20, ni mji na mila yake ndivyo vilivyobaki vimesimama. Anayefanya anda hutoa pia fungu kwa mji, na kwa mafungu hayo zimejengwa shule, barabara, misikiti, mabirika ya maji katika kisiwa kisicho na mto wa kudumu kwa sababu jiwe lake la volkano hunywa mvua yote. Nchi ngapi zina raia wanaojitoza kodi namna hiyo na kuicheza ngoma?

Lakini anda inataka nyumba mpya. Kwa mila ya Ngazija nyumba ni ya mwanamke, mume huhamia kwake, na ukoo humjengea binti mkubwa. Zamani nyumba hiyo ilisimama ndani ya kuta za mji, kwa matumbawe, chokaa na boriti. Leo inajengwa pembezoni, kwa saruji, ghorofa mbili, na mchanga wake mara nyingi umechotwa ufukweni, hadi fukwe kadhaa za Ngazija zimebaki mawe matupu. Nyumba ya bibi inaachwa. Haiuzwi, kwa sababu iko chini ya manyahuli, mali inayopita kwa upande wa kike na isiyogawanyika. Sheria hiyo ya kimila nzuri sana, iliyowapa wanawake wa Ngazija ulinzi ambao wanawake wengi duniani hawakuwa nao, ina udhaifu mmoja: mali ya watu 15 waliotawanyika kati ya Moroni, Marseille na Réunion haina mtu mmoja wa kupanda juu ya dari kuziba tundu. Mvua huingia. Boriti huoza. Siku moja ukuta hulala kichochoroni.

Mwaka 2007 Komoro iliweka miji yake ya kisultani kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Orodha haizibi dari.

Kwa hiyo utalii? Ndiyo, ila nina wasiwasi na aina ya utalii ambao watawala wa nchi zetu huuona kwanza. Komoro iliwahi kuujaribu. Kaskazini mwa Ngazija, karibu na Mitsamiouli, ilijengwa Galawa Beach, hoteli kubwa ya mtaji wa Afrika Kusini, katika enzi ambapo serikali ya ubaguzi wa rangi ndiyo iliyogharamia walinzi wa rais walioongozwa na mamluki wa Kifaransa Bob Denard. Dunia iliiona Galawa tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa ilipoishiwa mafuta ikaangukia majini mbele yake; watu 125 walikufa, akiwemo mpiga picha wa Kenya Mohamed Amin, na wazamiaji wa hoteli pamoja na wanakijiji ndio waliokuwa wa kwanza kuwafuata manusura. Miaka michache baadaye hoteli ilifungwa, kisha ikabomolewa. Iliajiri watu, hilo lisikataliwe, na kufungwa kwake kuliwaumiza. Lakini ilikuwa ufuo uliozungushiwa uzio. Mgeni angeweza kulala humo siku 10 asijue kwamba karibu yake kuna watu wanaogawanyika kwa wanamdji na wandru wadzima. Ilipoondoka haikuacha hata dari moja ya zamani iliyozibwa.

Mfano ninaoupenda upo Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote. Mwaka 2001 iliundwa hifadhi ya bahari upande wa kusini, na vijiji vikashirikishwa katika kuisimamia tangu mwanzo. Tangu 2020 kisiwa hicho kimo katika mtandao wa UNESCO wa hifadhi za viumbe na binadamu. Katika kijiji cha Itsamia kasa hupanda ufukweni kutaga mwaka mzima. Usiku unakwenda na kijana wa kijiji, unazima tochi, unakaa kimya mchangani. Kasa anakuja kama jiwe linalotembea. Anachimba kwa saa nzima, anapumua kwa nguvu kama mtu mwenye mzigo, na ukiwa umekaa karibu unaona yale machozi ya chumvi. Ada unayolipa inabaki kijijini, na kijiji kina sababu ya kumfukuza jangili, kwa sababu kasa aliye hai anarudi mwaka mwingine na mgeni naye anarudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Itsamia wameufanyia kazi msemo huu bila kuunukuu.

Kinachofanyika kwa kasa kinaweza kufanyika kwa nyumba. Wazee wa bangwe ndio wenye ufunguo, si wizara. Wao ndio huamua mtu anayefanya anda atatoa nini kwa mji. Siku watakapoamua kwamba kutengeneza dari ya nyumba ya kale, au lango la mji, au ukuta wa Ntsudjini, kunahesabiwa kama fungu halali la anda, fedha za Marseille zitageuka njia bila sheria hata moja kupitishwa. Na nyumba iliyotengenezwa, ikibaki mali ya wanawake wa ukoo, inaweza kupokea wageni vyumba viwili vitatu, mapato yakaingia kwenye mfuko wa kuitunza. Manyahuli ingelinda hapo kitu kilichokosa ulinzi Unguja, ambako nyumba nyingi ziliuzwa zikawa hoteli na familia zikahama. Nyumba isiyouzika haiwezi kunyakuliwa na mwenye mtaji. Ule udhaifu ungekuwa kinga.

Ninajua majibu yatakayokuja. Kwamba siasa si tulivu; ni kweli, na Oktoba 2018 risasi zililia ndani ya Mutsamudu ya zamani. Kwamba huduma ni duni. Umeme hukatika, takataka zipo hadi ufukweni, na mashua kati ya visiwa si za kuabiri wakati kusi imechafuka. Sitaficha hayo. Atakayekwenda aende kati ya Mei na Oktoba, msimu mkavu, mbali na miezi ya vimbunga; abebe yuro taslimu, maana kadi hazina kazi sehemu nyingi na faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro moja kwa karibu faranga 492; ajikinge na malaria; avae kwa staha; asipande Karthala bila kiongozi na bila hema, kwa sababu safari hiyo kwa kawaida ni ya siku mbili na kilele hufunikwa na ukungu ghafla. Aonje mataba, kisamvu chao cha nazi, na kamba mkubwa wa baharini kwa mchuzi wa vanila. Na akae mjini. Siku tatu Moroni ya zamani, nne Nzuwani, tatu Mwali. Ufuo wa Chomoni utapata nusu siku yake.

Siku yangu ya mwisho mama mmoja aliniona nimesimama mbele ya mlango wake wa kuchongwa huko Moroni, akaniuliza kama ninatoka Zanzibar. Nikamwambia karibu na hapo. Akaingia ndani, akarudi na ufunguo wa chuma mrefu kama kiganja, akanifungulia nyumba ya pili, ya bibi yake, ambayo haikaliwi. Vidaka vya ukutani vilikuwa vizima, chokaa imechongwa maua. Boriti nne za katikati zilikuwa zimekatika na mwanga wa jua ulishuka hadi sakafuni. Aliniambia kwamba nyumba ni yao dada watano na watoto wao wa kike, kwamba watatu wako Ufaransa, kwamba fundi aliyebaki anayejua kuweka boriti ni mmoja naye amezeeka. Mwaka ujao dada mkubwa anakuja kwa anda ya mwanawe. "Watakaa wote nyumba mpya," akasema, kisha akainua macho darini, akaanza kuhesabu kwa vidole: boriti nne, magunia ya chokaa, siku za fundi.